Nilifuata sufuria yangu universite

Batu banapenda kuniuliza ginsi gani mwanamuke mwenye aliacha masomo mu mwaka wa tatu wa primere, shule ya musingi, alifika kupiga miziki mu universite. Ninabajibu kweli: nilifuata sufuria yangu. Banacheka, banafikiri kuko kintu ninaficha. Hapana. Kama bangeniomba kijiko tu, ningebakia ku nyumba.

Ile sufuria ilikuwa ya aluminiomu, mukubwa, na tumbo pana sawa ya pasta wetu. Bwana yangu aliinunua ku Beni wakati kahawa ilikuwa ingali na bei, kiisha akakufa, akaniachia batoto, shamba ya ndizi na sufuria. Batoto balikomaa, balienda. Ndizi, basoda ba vita balikula. Sufuria ilibakia. Vulamba, mutaa wetu mu Butembo, yote iliijua. Kama kuko ndoa, banakuya kuiomba. Kama kuko kilio, banakuya kuiomba mbele ya kuita pasta. Na kwetu mwenye sufuria hapana kuiacha iende peke yake. Inaenda, unaifuata. Unaikala pembeni yake juu ya kibao, unachunga bapishi basiikwangue na chuma, basisahau mayi juu ya moto. Na nyama ikiiva, kipande cha kwanza ni cha mwenye sufuria. Vile nilikula ndoa mingi ya batu benye sikujua ata majina yabo.

Ule wakati vita ilikuwa ile ya pili ya Kongo, yenye ilikata inchi bipande bipande, kila kipande na bakubwa yake. Sisi ku Butembo tulikuwa na komanda wetu, Beni balikuwa na wabo, na barabara ya katikati ilizaa baryeri, vizuizi vya basoda, kuliko migomba. Usiku batu ya bunduki balikuya kutuiba. Batu gani? Kila mutu alijua ni batu gani. Asubui balipita kutuuliza kama tulilala muzuri.

Sisi hatukuwa na bunduki. Tulikuwa na masufuria. Mutu akisikia mulango yake inavunjwa, anashika sufuria na anaipiga na nguvu yake yote. Jirani akisikia, anapiga yake. Mulima ya ngambo inasikia, nayo inapiga, mpaka muji muzima unalia, na mwizi anakimbia mikono mitupu. Butembo ilikuwa vile, Beni ilikuwa vile. Ata mutoto mwenye bado kujua sala ya Baba Yetu alijua ile.

Sasa mujukuu yangu. Huyu ni mutoto wa mutoto yangu mwanamuke wa kwanza. Mama yake alikuwa anafanya biashara ya samaki ku Kyavinyonge, kule ku ziwa, na mutoto alikuwa anaikala kwangu juu ya masomo. Alifika mpaka universite. Mimi nilikuwa ninapita mu soko ninasimamisha batu benye habaniulize kintu, ninabaambia: mujukuu yangu eko universite. Mama yake hakufurahi sawa mimi. Alisema wazi, mbele ya batu, kwamba ule mwaka ndio wa mwisho, asipotoka na diplome atashuka ku ziwa kupasua tilapia pamoja naye. Ata kisu alikwisha kumununulia. Kisu murefu, mushikio ya mti, alikifunga mu gazeti na alikuwa anatembea nacho mu kikapo sawa mutu mwenye anangoja tu siku.

Kule universite kulikuwa Profesa wa miziki. Alitoka Kinshasa, alikuya kutufundishia batoto kwa muda mufupi, kiisha vita ikakata njia ya ndege, akabakia kwetu na viatu jozi moja na Swahili ya kuvunjika. Alikuwa na chumba ya byombo vya miziki. Basoda balipita mule siku moja, balibeba gitare, balibeba sinte, ile kinanda ya umeme, balibeba baffles za kutoa sauti, ata kiti ya piano balibeba na piano hapakuwa. Flite moja tu, ile filimbi, balitupa chini, sababu habakuona ni upande gani unapuliza.

Mutu mwingine angelia. Yeye alisema kuko miziki mu dunia yenye haiombe gitare. Kila kintu kinaweza kuipiga: bido ya mayi, janti ya gurudumu la gari, mulango. Inaitwa miziki ya kontemporeni, yaani ya kisasa. Alikusanya banafunzi, akabafanyia ansamble, kikundi ya kupiga pamoja, na kila mumoja wa mwaka wa mwisho alipaswa kuandika miziki yake mwenyewe na kuipigisha mbele ya bajuri, bakubwa ba kumupima. Bila ile, diplome hakuna.

Njo siku moja mujukuu yangu alirudia ku nyumba, akanisalimia muzuri kupita kawaida, akasema anaomba sufuria. Nikamuuliza nani amekufa. Akasema hakuna mutu. Nikamuuliza nani anaoa. Akasema hakuna mutu. Nikamuuliza, bon, batu ngapi batakula? Njo akaangalia chini.

"Mukaka, hatutaipikia. Tutaipiga."

Mukaka kwetu ni mama ya mama yako, haiko mutu wa kuambia bintu sawa hiyo akiwa anasimama. Nilitafuta kibao, nikaikala. Kiisha nikamwambia sawa, mais lakini mimi niko nyuma yake.

Basi nikaingia universite. Kijana moja alitangulia na sufuria juu ya kichwa, mimi nyuma na kibao yangu chini ya kwapa, na kitenge chenye ninavaa ku Krismasi. Mu ile salle, chumba yabo ya kupigia, niliona bido, beseni, janti ya kamyo yenye kuning'inizwa na kamba, na ule kijana wa flite. Baliweka sufuria katikati, chini juu. Nikaweka kibao pembeni yake. Kijana mwingine akakuya na miti mbili, akataka kuanza kuipiga pale pale, bila ata kuniuliza habari. Nilimunyanganya miti. Nilimuambia hii sufuria ilipikia kilio ya babu yako, hapana kupigwa na mutu mwenye bado kunawa mikono.

 Mujukuu yangu alifunika uso. Profesa aliangalia viatu yake, kiisha akasema, na ile Swahili yake, kwamba sababu Mama ameisha kushika miti, Mama apige.

Sasa musifikiri nilikuwa muzuri. Nilikuwa mubaya kuliko bote. Ile miziki, mu masikio yangu, ilikuwa sawa kabati ya byombo yenye inaanguka ku mulima pole pole. Banafunzi balikuwa na makaratasi yenye maduara na misitari. Mimi mujukuu yangu alinichoria yangu: pa kupiga alichora mbegu ya haragi, pa kungoja alichora sahani tupu. Haragi nilielewa. Sahani tupu ilinishinda. Nikiona sahani tupu mikono yangu inatafuta kazi. Nilikuwa ninapiga pale penye haiko kintu, ninaacha pale penye iko, na Profesa alikuwa anauma chaki mpaka midomo inakuwa nyeupe. Siku moja aliniuliza, na heshima mingi, kama ninaweza kupiga kidogo. Nikamujibu miaka yangu yote sijapata kupika kidogo.

Kubaya zaidi ilikuwa mwisho. Miziki ya mujukuu yangu ilikuwa inakwenda, inapanda, byombo vyote vinalia pamoja, kiisha yeye anainua mukono na sisi bote tunaacha. Kimya. Mukono yake inabakia juu, murefu, murefu, kiisha anaishusha, na imeisha. Ile kimya sikuiweza. Nilikohoa. Nilisema "Eeh Bwana". Siku moja nilimuuliza kijana wa flite kama mama yake alipona tumbo. Alinijibu, maskini, juu alilelewa muzuri, na bote baligeuka kumuangalia yeye.

Jioni ile mujukuu yangu alinifanyia hasira ku nyumba. Aliacha chakula. Njo nikamuuliza ile kimya ni ya nini, nielewe.

"Mukaka, umepiga sufuria usiku, basoda beko ku mulango. Kiisha unaacha, unasikiliza. Hujue kama jirani amesikia. Hujue kama atajibu ao atajificha chini ya kitanda. Ile kungoja, njo nimeandika."

"Na jirani anajibu wakati gani?"

"Hajibu. Miziki inaishia pale."

"Mwana wangu, hiyo ni miziki ao ni matusi?"

Nilimuambia mimi nimeikala Vulamba miaka mingi, na jirani mwenye hakujibu sufuria nilimuona mumoja tu, na tangu ile siku akipita ku njia ata mbuzi hazimusalimie. Alisema sielewi sanaa. Nikasema ndiyo, sielewi, mais majirani ninaelewa. Tulilala hivyo.

Sasa tulikuwa tunapiga na miti yenye kufungwa na nguo, pole pole, juu ya batu ya quarter, ule mutaa, basishituke. Mais siku ya bajuri ilikuwa inakaribia, na mujukuu yangu akataka kusikia miziki yake na nguvu yote, mara moja tu. Ilikuwa jioni, soko inafungwa, jua lingali. Tuliondoa nguo ku miti. Salle ile haikuwa na vioo ku madirisha, vilivunjika zamani. Tulipiga.

Hatukufika ata ku sahani tupu. Sufuria moja ilijibu inje, karibu. Kiisha ingine. Kiisha mulima ya chini, kiisha mulima ya juu, mpaka nikaona Butembo yote imeshika sufuria. Profesa alifungua mulango akalalamika kwamba ni repetisyo, ni mazoezi tu. Nani angemusikia? Banamuke balifika na michi ya kinu. Muzee moja alifika na jembe. Pasta wetu alifika na pompi ya kinga, ile ya baiskeli, sijui alitaka kumujaza nani pumzi. Na kule chini, basoda babili benye balikuwa na mbuzi ya mutu ku kamba, bakisikia muji unalia hivyo, baliacha mbuzi bakakimbia, mumoja na boti moja tu ku muguu. Mbuzi ilirudia kwao peke yake, na kamba yake, bila haraka.

Kesho yake muji ulicheka kuanzia asubui. Njo ile iliumiza komanda wetu. Kwa miziki angesamehe. Alituma batu balikuya kushika kintu chenye kilifanya kelele, na sababu sufuria yangu njo ilikuwa mukubwa, balishika sufuria.

Nilichukua kibao yangu nikaifuata. Kule ku biro ya komanda baliiweka ku pembe, nikaikala pembeni yake. Soda moja aliniambia nitoke. Nikamuambia kwetu mwenye sufuria haiache, na kama mutaipikia ninangoja kipande cha kwanza, na ninapenda ya mufupa. Alienda kuita mukubwa yake. Mukubwa alikuya, akasikia vile vile, akaenda kuita mwingine. Jua lilipanda, jua lilishuka. Mwisho komanda mwenyewe alitoka, akauliza huyu mukaka eko anafanya nini mu biro yangu. Balimuelezea. Aliniuliza kama siogope. Nilimuambia ninaogopa, ninaogopa basikwangue na bayoneti. Alisema mumupe mutu huyu sufuria yake, aende.

Mais amri ilibakia. Hapana mutu kupiga sufuria mu Butembo, kwa sababu yoyote. Baliisoma mu soko na megafone. Mama moja aliuliza kama kifuniko kikimuponyoka mutoto kinahesabiwa. 

Sasa mambo yalikuwa mabaya kweli. Profesa alikuwa amepata njia ya kurudia kwao kwa kupitia Uganda, na akienda hakuna mwingine wa kupatia banafunzi bake points. Aliomba mujukuu yangu abadilishe, apigishe mikono pa fasi ya sufuria. Mutoto alikataa. Alisema miziki ya masufuria bila masufuria ni kunawa mikono na chakula hakuna. Nilimutingishia kichwa, mais ndani nilisema huyu ni wangu. Alikonda. Na mama yake alipopita na samaki, alisikia habari, hakusema neno mubaya. Alitoa tu kile kisu mu kikapo, akakiweka juu ya meza, pale mutoto anasomea.

Profesa akapanda kamyo kwenda Beni, kuomba ruhusa tupigie kule. Komanda wa Beni na komanda wa Butembo habakusalimiana tangu zamani, kila mumoja alifikiri mwenzake ni mwizi, na kwa hilo bote babili balikuwa na haki. Yule wa Beni aliuliza swali moja tu: wa Butembo amekataa? Profesa akasema amekataa. Basi akaweka muhuri ku barua, bila kusoma ni kintu gani. Akasema tutapiga mu salle ya kanisa ku Mulekera, mchana, na yeye mwenyewe atakuya kuikala mbele.

Bote balifurahi. Mimi pia. Mais usingizi ulikuwa unanikimbia juu ya ile kimya. Nilikuwa ninaiona: mujukuu yangu mbele ya bakubwa, mukono juu, na hakuna mutu wa kujibu. Mutoto wangu atasimama pale sawa mutu mwenye jirani zake bote bamekufa.

Asubui mama yake alikuwa anafunga samaki kwenda kuziuzisha ku Beni. Nikamuvuta pembeni ya nyumba. Yeye alikuwa na hasira yake na basoda, kila baryeri balimutolea samaki, na kila mara balichagua yenye mafuta. Nikamuuliza: ungependa kuona Beni yote inapigia basoda sufuria mchana, na komanda wabo anaikala mbele anapiga makofi? Alinitazama. Nikamuelezea. Alianza kucheka pole pole, kiisha akaegemea ukuta, kikapo kikamuponyoka na tilapia zikateleza mpaka mu mayi ya mifereji. Tuliziosha. Alisema kama ni vile, samaki hizi zitabeba habari. Mama mwenye atanunua samaki ku Beni atanunua na neno: siku fulani, mchana, mukisikia masufuria ku kanisa ya Mulekera, musikimbie, si wezi. Mungoje inyamaze. Ikinyamaza, mujibu.

Akakifunga kisu mu gazeti, akakirudisha mu kikapo, na akaenda. Kwa mujukuu yangu sikusema kintu. Angenikataza.

Siku ilifika. Tulipanda juu ya kamyo, juu ya mifuko ya bunga: ansamble yote, Profesa, bajuri babili na kravati zabo, na mimi na sufuria katikati ya miguu. Ku kila baryeri basoda baliangalia ndani ya sufuria. Ku moja, kijana wa macho mekundu alituambia, "Bobeta, nayoka," yaani tupige asikie. Tulimupigia kidogo. Alingoja pale penye batu banacheza, hakupaona, akatuachilia juu ya huruma.

Salle ya Mulekera ilijaa. Komanda alikuya na kiti chake mwenyewe, chenye mikono, na basoda bake balisimama nyuma ku ukuta. Bajuri balikaa na kalamu. Mujukuu yangu alivaa nguo nyeupe, mikono mirefu, alikuwa muzuri mpaka nilitaka kupiga vigelegele palepale, nikajizuia juu haikuandikwa. Inje niliangalia kwa dirisha. Banamuke balikuwa mu mashamba madogo pembeni ya nyumba zabo, banalima maharagi, hakuna ata mumoja mwenye alionekana kungoja kintu. Nilisema mutoto yangu ameuzisha samaki, amesahau neno.

Tulianza. Flite, bido, janti. Mimi ile siku niliona haragi na sahani kila moja fasi yake, sijui kwa nini, labda woga. Ilipanda. Byombo vyote. Basoda ku ukuta balianza kuangaliana, juu ile kelele baliijua, na habakuizoea kuisikia bakiwa bamesimama. Komanda alikuwa anatingisha kichwa sawa mutu wa kujua miziki.

Mukono ya mujukuu yangu ikapanda. Tukaacha.

Kimya.

Sikukohoa. Sikusema Eeh Bwana. Nilishika miti na mikono yote mbili na nikasikiliza, na njo pale nilielewa kile mutoto alikuwa ameandika, na nilikichukia zaidi. Hakuna kintu. Kuku moja. Upepo ku mabati. Jasho ilikuwa inamushuka mujukuu yangu ku shingo, na nikaona mukono yake inaanza kushuka.

Kule mbali, chini ya barabara, kintu kikalia. Si sufuria. Kintu chembamba, kikali, chuma ku beseni ya email, ile ya rangi ngumu, kli kli kli, bila adabu. Kiisha sufuria moja pembeni yake. Kiisha bale banamuke ya mashamba, benye nilisema habangoje kintu, balitoa masufuria mu majani ya maharagi. Quarter moja, ingine, mpaka mabati ya kanisa yakaanza kutetemeka juu yetu.

Mukono ya mujukuu yangu ilisimama fasi yake. Alinitazama. Nilitazama sufuria.

Basoda ku ukuta habakujua kama bakimbie ao babakie. Mumoja alifika mpaka ku mulango, akaona komanda wake anaikala, akarudia. Na komanda alikuwa ameikala vile sababu muhuri ulikuwa wake, na Profesa alikuwa amemuinamia sikio, sijui alimuambia nini, ila nilisikia neno "kontemporeni". Basi komanda akapiga makofi. Akipiga, basoda bake nabo balipaswa kupiga. Beni yote inabapigia masufuria sawa ni wezi, mchana kweupe, na bao banapiga makofi. Niliuma kitenge yangu nisicheke mbele ya bajuri.

Ndipo mujukuu yangu akafanya kintu chenye sikumufundisha. Hakushusha mukono. Alingoja, alingoja, mpaka inje ikaanza kupunguka, na sufuria ya mwisho ikalia mara moja, mbali sana, na ikaacha. Pale akaishusha.

Juri wa kwanza, mwenye kravati ya njano, alivua miwani. Alimuuliza mu Kifaransa, na Profesa alitutafsiria kiisha: umeweka bapigaji wako bengine wapi?

"Ku kila nyumba," akasema mujukuu yangu, bila kufunga jicho.

Balimupatia points yenye sitaitaja, mutasema ninajisifu. Alitoka na diplome.

Nyuma ya salle alinishika mukono na nguvu. Alisema, "Mukaka, uliiba kimya yangu." Nikamuambia nilimuachia ya kutosha, ata karibu kuniua. Alitaka kubakia na hasira, niliona alijaribu kweli, mais mama yake alikuwa anakuya kwetu mu barabara, beseni ya samaki ku kichwa, rangi yake imebanduka yote ku upande moja, na kisu ku mukono. Kisu kilikuwa kimepinda sawa ndizi.

Mutoto aliangalia kisu, aliangalia beseni. Akamuuliza mama yake kama ni yeye njo alianza.

Mama yake alisema bengine balikuwa banangoja sana, yeye alikuwa na samaki za kuuzisha. Kiisha akanipatia kisu, akasema hakitapasua tilapia tena, nikitupe.

Sikukitupa. Kiko mu nyumba yangu mpaka leo, ninafungulia nacho makopo. Mujukuu yangu akikuya kunisalimia na banafunzi bake, juu sasa ni yeye anafundisha, anapenda kubaonyesha sufuria. Banataka kuipiga. Ninabaambia banawe mikono kwanza.